Gari la Baba Lilipoacha Kupumua

Juzi nilipita ufukweni mahali mafundi walipokuwa wakitengeneza mashua iliyopandishwa mchangani, na upepo ukaniletea harufu ya pamba iliyolowekwa kwenye sifa, yale mafuta ya papa yanayopakwa vyombo vya baharini. Wengi huziba pua wakiinusa. Mimi nilisimama. Kwangu harufu ile haiji peke yake. Huja na harufu ya oili ya moto ya injini, na zikikutana puani mwangu nakuwa tena mtoto wa darasa la nne, nimelala chali chini ya gari, bega langu limegusana na bega la baba.

Nitawaeleza polepole, maana hata kusema kwangu ni kwa polepole. Nilikuwa mtoto wa haya sana. Mgeni akibisha hodi, mimi nilikuwa nyuma ya mlango. Shangazi zangu walisema nimezaliwa nimekwisha kuaga.

Nyumba yetu ilikuwa Miburani, ndani kidogo ya barabara iendayo Kilindoni, mji mkuu wa kisiwa chetu. Tulikuwa baba, mama, mimi, na babu mzaa baba. Baba alikuwa mkwezi wa minazi mpaka siku alipoanguka. Kuanguka kwenyewe sikukumbuki. Nakumbuka kilichofuata: baba wa kukaa barazani. Goti lake la kulia lilikakamaa, na kila hatua ilimtoa jasho. Basi alikaa. Chai ilimkuta pale, adhana ya alasiri ikamkuta pale. Watu wakipita na kumsalimu, aliitikia huku akiitazama miguu yao, si nyuso zao. Mama alimpelekea chakula, akarudi na sahani ambayo haikupungua.

Mama alikuwa na minazi yake ya urithi. Aliiuza, bila kumtaka mtu ushauri, tukapata pikapu kuukuu ya dizeli, rangi ya kijivu, mlango mmoja umefungwa kwa kamba. Injini yake ilikuwa na tabo, kile kifaa kama konokono wa chuma kinachosukuma hewa ndani ya injini. Baba akikanyaga mafuta, tabo ilipiga mluzi mwembamba ambao ningeutambua hata usingizini. Fundi Shomari, fundi magari wa Kilindoni aliyecheza na baba utotoni, ndiye aliyemfundisha kuendesha hapo hapo uani. Mguu ulioshindwa kutembea ulikubali kukanyaga. Tangu siku ile baba akaanza tena kuwatazama watu usoni, na sauti yake ikarudi. Alibeba nazi, akabeba mwani mkavu wa akina mama, akabeba viti vya harusi na wajawazito wa kwenda hospitali. Aliimba akiosha vioo. Nasema haya ili mjue: lile gari halikuwa gari tu. Bila lile gari, baba alikuwa anarudi barazani.

Asubuhi kabla ya shule aliliwasha na kuliacha lipate moto. Nyuma kidogo ya tairi la mbele, chini ya injini, kulikuwa na bomba la chuma, unene wa kidole gumba, limetazama ardhini. Humo ilitoka hewa ya vuguvugu, pu, pu, pu, laini kama mtu aliyelala. Mimi nilichuchumaa pale na kuipasha miguu yangu joto kwa ile pumzi, maana asubuhi mchanga ni baridi.

"Hiyo ndiyo pua yake," baba aliniambia. "Ndani ya injini mna hewa inayopenya kutoka kwenye moto. Lazima ipate pa kutokea. Gari nalo linapumua."

Pamoja na pumzi yalitoka matone machache ya oili, yakaacha doa jeusi mchangani. Doa lile lilimkera babu kuliko kitu chochote duniani.

Babu alikuwa fundi wa kalafati. Maisha yake yote aliziba nafasi baina ya mbao za mashua, akizijaza pamba aliyoisokota pajani, akaigongelea kwa patasi butu na nyundo ya mti mpaka mbao na pamba vikawa kitu kimoja. Mwisho wa kila uzi wa pamba alifunga kijifundo kidogo, akakikunja kwa ndani kama mtu anayeficha ncha ya kitambaa. Mafundi wengine hawakujisumbua. Yeye alisema maji hutafuta pa kuanzia, basi usiwape. Mwenye mashua aliweza kupitisha kidole kwenye ubao na kusema, hii kazi ya mzee fulani, kabla ya kuambiwa.

Alitaka baba airithi kazi hiyo. Baba kijana akapenda kupanda juu. Baada ya kuanguka, nadhani babu alingoja kimya kimya, maana kalafati ni kazi ya kukaa. Badala yake likaja gari. Hakugomba. Ila hakulipanda hata siku moja. Alikwenda Kilindoni kwa miguu na fimbo yake, na gari la mwanawe likimpita njiani, baba alipunguza mwendo na kuinama dirishani.

"Panda, baba."

"Nenda, nenda. Unawachelewesha watu."

Mimi aliniita mke wangu, kama mababu wanavyowatania wajukuu wao wa kike. Nami, pamoja na haya zangu zote, kwake ndipo nilipojua kujibu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mke wangu. Mwambie huyo mwanao chombo chake kinavuja."

Nilikwenda kwa baba. "Babu anasema chombo chako kinavuja."

"Mwambie mumeo kimetengenezwa kivuje."

Babu aliposikia jibu hilo aliacha kusokota. "Chombo cha kuvuja kwa makusudi!" alisema. "Nimeishi mpaka nimeyasikia na hayo."

Basi ikatokea baba akaitwa Dar es Salaam, hospitalini, kuangaliwa lile goti. Mama alimsindikiza, nami nikabaki na babu. Gari lilisimama uani na mkeka mbovu juu ya kioo. Nilikwenda shule, nikarudi, tukala samaki wa kuchoma wa babu ambao nje waliungua na ndani walikuwa wabichi. Sikuona jambo lolote geni.

Waliporudi, kazi iliendelea. Mama ndiye aliyeona kwanza kwamba doa limekauka. Alifagia mchanga mweusi, akaanza kuanika ukili wake wa mikeka pale pale gari lilipolala, na haukuchafuka. Baba alicheka, akasema gari limemhurumia. Babu alikuwa akisokota pamba. Nakumbuka alitabasamu, ila sikuwa na sababu ya kulitazama tabasamu hilo mara mbili.

Kisha gari likaanza kuugua.

Kwanza ni kile kijiti cha kupimia oili. Baba alifungua boneti akakikuta kimeruka kutoka kwenye tundu lake, na oili imetapakaa kote. Alikirudisha, kikaruka tena. Halafu injini ikaanza kutoa jasho la oili kila mahali, mbele kwenye puli, nyuma kwenye giaboksi, pembeni mwa mfuniko wa juu, kana kwamba kuna mtu ndani anaisukuma. Halafu ukaja moshi. Si ule mweusi wa dizeli tuliouzoea. Huu ulikuwa wa buluu, mzito, wenye harufu ya kukaanga, ukaning'inia barabarani gari likiwa limekwisha kupita. Mluzi wa tabo ukafifia. Kwenye kilima kidogo cha kutoka Miburani gari lilipanda likikohoa, na abiria wakajifunika mitandio.

"Dereva," mama mmoja alipiga kelele kutoka nyuma, "unatupeleka sokoni au unatufukiza udi? Harusi ya nani?"

Wote walicheka. Baba naye alicheka, lakini nilikuwa nimekaa mbele naye, na niliona mikono yake ilivyoukaba usukani. Shuleni wakaanza kuniita Moshi. Siku moja gari lilipita nje ya darasa, na darasa zima likakohoa kwa pamoja, hata mwalimu akashindwa kujizuia. Abiria wakapungua. Halafu baba akaacha kuliondoa uani.

Fundi Shomari alikuja na pikipiki. Aliwasha injini, akasikiliza, akafungua mfuniko wa kutilia oili wakati injini inaunguruma. Ulitoka upepo kama wa pampu ya baiskeli, na oili ikamrukia usoni na kifuani. Alirudi nyuma akajipangusa kwa mkono.

"Umeona, kaka?" alimwambia baba kwa sauti ya chini. "Ringi za pistoni zimekwisha. Moto wa juu unashuka wote kwenye tumbo la injini. Ndiyo maana kila kitu kinatema. Hapa ni kuifungua yote, na vifaa vyake hapa kisiwani hatuna. Hata huko Dar, kwa injini ya zamani hivi, sijui."

Baba aliuliza mara moja tu, "Una hakika?"

"Ningependa nisiwe nayo."

Habari ya gari kufa haikawii. Kulikuwa na wavuvi wa dago, wale wanaokuja kwa msimu kutoka pwani ya bara na kupiga kambi ufukweni. Walitafuta injini ya kufunga kwenye chombo chao, nao walisema kwao wana fundi anayeweza kuifufua. Mkubwa wao alikuwa mtu wa maneno matamu, mwenye mikono iliyokatwakatwa na nyuzi za nyavu. Alikunywa kahawa kwetu, akalizunguka gari, akaligonga gonga kama mtu anayechagua fenesi. Baba akampa neno lake: kama injini haijapona mpaka Ijumaa, baada ya swala waje na vijana waing'oe.

Siku zilizofuata sizipendi hata leo kuzikumbuka. Baba alirudi barazani. Alikaa kwenye alama ile ile ya zamani, pale ukuta ulipong'aa kwa mgongo wake. Nilipita mbele yake na sare za shule nikamwamkia, akaitikia huku akiitazama miguu yangu. Mama alisuka mkeka wake kwa kasi ambayo sijapata kuiona, mpaka ukili ukamkata vidole. Babu alikaa upande wa pili wa ua akisokota pamba ambayo hakuna mwenye mashua aliyemwagiza. Nilitegemea angesema, "Nilijua tu." Hakusema. Siku moja alimwambia baba, bila kumwangalia, "Pamba ipo, mwanangu, kama unataka kujaribu mkono." Baba alijibu, "Nimesikia, baba." Ikawa imekwisha.

Ijumaa, nimekwisha kutoka shule na swala inakaribia, pikipiki ya Shomari ilikuja mbio. Alikuwa amekwisha kuvaa kanzu yake nyeupe ya msikitini, imepigwa pasi mpaka ina ncha. Shingoni alibeba mpira mwembamba unaoonyesha ndani, ule ambao mafundi ujenzi hujaza maji kupimia usawa wa ukuta.

"Kaka, roho yangu haijatulia," alisema. "Siku ile nilihukumu kwa jicho. Kabla hawajaja wale, acha tuipime kwa maji. Kama ni kufa, tujue imekufa."

Alizamisha ncha moja ya mpira kwenye tundu la kijiti cha oili, akaizungushia kipande cha tyubu ya baiskeli ili hewa isitoroke. Sehemu iliyobaki aliikunja ikateremka na kupanda kama mkufu, akaifunga kwenye nguzo ya baraza. Mama alileta maji yenye buluu ya kufulia, ili yaonekane vizuri. Maji yalikaa sawa pande mbili. Shomari alieleza: injini ikipumua sawasawa, maji yatacheza kidogo na kubaki. Yakisukumwa juu, basi kuna kitu.

Baba aliinuka barazani, akajikokota mpaka kwenye gari, akawasha.

Sote tulitazama ule mpira. Kwa muda mdogo maji yalitulia. Halafu upande mmoja ukaanza kushuka na mwingine kupanda, polepole, bila kusita, kama kitu chenye nia. Yalipanda kiganja kizima. Yalipanda mkono mzima. Mama alisema, "Ya Rabi," na maji ya buluu yakaruka juu ya ncha ya mpira, yakamwagika ukutani.

"Basi," Shomari alisema. "Pole, kaka."

Baba alibaki ndani ya gari, injini ikiunguruma, mikono mapajani. Moshi wa buluu ulitambaa uani mpaka kwenye ukili. Mimi nilikuwa nimechuchumaa pale pale pa kila asubuhi, karibu na tairi, kwa mazoea tu. Na miguu yangu ilikuwa baridi.

Mtoto wa haya huona jambo siku nyingi kabla ya kulisema. Nadhani miguu yangu ilikuwa imejua tangu zamani. Nilisimama, nikauvuta mkono wa shati la baba dirishani.

"Baba. Pua yake haipumui."

"Nini?" Shomari aliuliza, kwa sababu nilisema kama mtu anayesema na kifua chake.

Nilitaka kukimbilia nyuma ya mlango. Badala yake nikanyoosha kidole chini. "Kule. Zamani ilikuwa inanipuliza miguuni. Sasa haipulizi."

Shomari alishika kanzu yake kwa mkono mmoja, akainama, akapeleka kiganja chini ya injini karibu na lile bomba. Akakaa hivyo. Uso wake ukabadilika.

"Zima," alimwambia baba. Kisha, injini ilipozima, akaanza kusema haraka haraka. "Ngoja, ngoja. Kama ringi zimekwisha, hapa pangefuka kama jiko la makuti. Upepo wote wa tumboni ungetokea hapa. Hapa hakuna hata pumzi ya mende. Kumeziba! Hewa inakosa njia, ndiyo inatafuta pa kupasulia, inasukuma oili kwenye sili, inarusha kijiti. Na hiyo tabo, oili yake hushuka tumboni kwa mteremko tu. Shemeji, ukitia mafuta ya taa kwenye chupa na faneli imebana mdomo, inakuwaje?"

"Yanasimama kwenye faneli," mama alisema.

"Yanasimama! Mpaka uinue faneli hewa itoke. Sasa oili ya tabo imekosa kushuka, inavujia kwenye ekzosi, inaungua, ndio moshi wenyewe. Nipeni spoku ya baiskeli. Nipeni chochote."

Akataka kuingia chini ya gari. Baba alimshika bega.

"Una kanzu ya Ijumaa. Naingia mimi."

Hakuna aliyethubutu kumkataza. Mama alitandika jamvi, baba akalala, akajiburuta kwa viwiko, na ule mguu mkavu ukafuata nyuma. Mimi niliingia naye nikishika simu ya mama yenye tochi. Chini ya gari dunia ni ndogo. Kulikuwa na joto, na harufu ya oili, na nje kwenye mwanga tuliona miguu tu: viatu vya Shomari, ndala za mama.

Baba alifuta mdomo wa bomba kwa kidole. Chini ya oili nyeusi palikuwa na kitu cheupe kisicho cheupe tena, kilichojazwa kikabana, kikagongelewa mpaka kikawa sawa na ukingo wa chuma. Alinikamata mkono akausogeza mwanga. Nikaona kijifundo kidogo, kimekunjwa kwa ndani.

Mkono wa baba ulisimama.

Hapo ndipo harufu ya sifa iliponifikia. Na hapo ndipo nilipoona miguu ya mtu wa tatu ikija. Nyayo zilizopasuka, ncha ya fimbo, na uzi wa pamba mbichi ukining'inia kando ya msuli aliojifunga kiunoni. Miguu ya babu ilikuja mpaka kwenye tairi, ikasimama. Baba aliitazama ile miguu kwa muda mrefu. Mimi niliitazama shingo ya baba, mshipa wake ulivyokuwa ukipiga, nikadhani sasa atapiga kelele.

"Kaka, kuna nini humo?" Shomari aliuliza kutoka juu.

Baba alichokonoa kwa spoku, akavuta. Pamba ilitoka polepole, ndefu kama mkia wa panya, na nyuma yake injini iliyozimwa ikatoa pumzi ndogo ya hewa. Akaikunja, akaitia mfukoni mwa shati.

"Nyigu," alisema kwa sauti kubwa.

"Nyigu?"

"Nyigu wa udongo. Wamejenga nilipokuwa Dar."

Nilifungua mdomo. Baba akaniwekea kidole midomoni, kidole cha oili na mafuta ya papa, na ladha ile ninayo mpaka sasa.

Tulipotoka, Shomari alikuwa akicheka peke yake na kuwalaani nyigu. Babu alikuwa amerudi nyuma hatua chache na uso wake ulikuwa na rangi ya jivu.

Baba aliwasha. Maji ya buluu yalicheza, yakapanda upana wa kidole, yakatulia. Shomari alifungua mfuniko wa oili, akaugeuza, akauweka juu ya tundu lake bila kuukaza. Ukatikisika pale juu kama mfuniko wa sufuria ya wali, haukuruka. Nilichuchumaa. Pu, pu, pu, miguuni mwangu. Lakini moshi ulikuwa pale pale. Wa buluu, mzito, kama mwanzo.

Na swala ilikuwa imekwisha kutupita, hakuna aliyekwenda, na wale wavuvi wa dago walikuwa wanaingia uani na minyororo na spana zao.

"Bwana dereva!" mkubwa wao alisema. "Kahawa yako tunaijua, leo tumeijia injini."

"Imepona," Shomari alisema.

Yule mtu aliutazama moshi, akawatazama vijana wake. "Basi ugonjwa wenyewe sijui ulikuwaje, kama huku ndiko kupona."

Vijana walicheka. Shomari alieleza kwamba oili ya zamani imejaa kwenye ekzosi, mpaka iungue yote ndipo moshi uishe, inataka kukimbizwa. Alisema vizuri, lakini nilimsikia akimalizia, "Inshallah," kwa namna inayomaanisha hajui.

"Naliendesha mpaka Kilindoni na kurudi," baba alisema. "Likirudi na moshi, neno langu ni lile lile."

Alikuwa anafunga mlango, na babu akaenda upande wa pili, kwenye mlango wa kamba. Alihangaika na fundo. Yeye, fundi wa mafundo, vidole vilimshinda. Mama akamfungulia. Akapanda, akaweka fimbo baina ya magoti, akatazama mbele. Gari likatoka na wingu lake la buluu, likapotea nyuma ya minazi.

Tulingoja. Mama alimimina kahawa ambayo hakuna aliyeiomba. Yule mkubwa wa dago alikaa kwenye nafasi ya baba barazani, mgongo kwenye ule ukuta unaong'aa, na nikamchukia kwa hilo. Vijana wake walipanga spana kwenye gunia kutoka ndogo mpaka kubwa. Shomari alitembea na kurudi, pindo la kanzu yake limekwisha kuwa jeusi. Kila pikipiki iliyopita barabarani ilitufanya tuinue vichwa.

Niliusikia mimi kwanza. Mluzi. Mwembamba, wa juu, ukipanda na kushuka gia zilivyobadilishwa. Nilimshika mama mkono, nikaelekeza kidole barabarani. Kisha gari likakata kona na kuingia uani, na nyuma yake kulikuwa na vumbi. Vumbi tu, jekundu, safi.

Yule mkubwa wa dago alikwenda mpaka kwenye ekzosi, akainama, akanusa. Akasimama akacheka kwa moyo wote. "Haya, kama tumepoteza safari, angalau tupe lifti mpaka kwa mashua zetu." Baba akawapa, na minyororo yao.

Babu alishuka, akapita karibu nami kama hanioni, akaenda kutawadha.

Mimi niliudhika na baba. Madrasa tulikuwa tumefundishwa adhabu ya mwongo, na kwa muda mrefu kila nikimwona akisali nilimwombea msamaha kwa siri, kwa ajili ya wale nyigu. Nilidhani anaona haya kwa sababu ya gari. Sikuelewa kwamba aliwasingizia nyigu ili kumsitiri babu.

Babu alikata kopo la mafuta ya kupikia, akaliweka chini ya lile bomba. Kila asubuhi alilimwaga mwenyewe na ile oili chafu akazipaka nguzo za nyumba zisiliwe na mchwa. Na kila asubuhi alimuuliza baba jambo lile lile.

"Linavuja?"

"Linavuja, baba."

"Alhamdulillahi."

Tangu siku ile hakwenda tena Kilindoni kwa miguu.

Miaka ilipita. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba babu alipougua ugonjwa wake wa mwisho. Nilikaa naye mchana, nikimpepea. Siku moja alifumbua macho, akanitazama na ule utani wake wa zamani.

"Mke wangu. Nyigu wa kisiwa hiki ni mafundi. Wanajua mpaka kusokota pamba."

Pepeo ilisimama mkononi mwangu. "Baba alikwambia?"

"Hajaniambia. Na mimi sijamwambia." Alivuta pumzi kidogo. "Wala wewe usituharibie."

Sikuharibu. Sasa yeye hayupo, na naona naweza kuyasema. Baadaye nilipoelewa yale ya chini ya gari, niliona mtu mmoja tu akimsitiri mwenzake. Kumbe walikuwa wawili, na waliendelea hivyo kila asubuhi kwa miaka, mbele yangu, kwa swali moja na jibu moja.

Ile pikapu bado tunayo. Siku hizi kopo nalimwaga mimi, na baba, akiwa ndani anafunga vifungo vya shati, huniuliza kupitia dirishani kama linavuja.

Linavuja, baba.